Mjane Aliyekataa Kupanda Jukwaani

Absalom alipokuwa hai, siasa ilikuwa mambo yake, na mkewe Edah Nasike alikuwa mtu wa kunung'unika tu. Alinung'unika kwamba wateja wamepanga foleni kwenye kinu chao cha kusaga mahindi, pale barabara ya Endebess, na mwenye kinu yuko mkutanoni. Alinung'unika kwamba wanachama wamemvunjia viti vya sebuleni. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kushona, ana cherehani yake kwenye veranda moja karibu na msikiti wa Kitale, na alisema bila kuficha kwamba hajui Chama cha Mzinga kimemletea nini isipokuwa vikombe vya kuosha.

Waliomjua vizuri walicheka. Walijua kwamba shati la manjano la Absalom alilipiga pasi yeye, na hakumruhusu mtu mwingine kuligusa. Tena mume akianza wimbo wa chama akiwa bafuni, mke aliuitikia kutoka jikoni.

Mzinga kilikuwa chama cha upinzani. Kiongozi wake, Sichangi, mzaliwa wa Bungoma, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kabla ya kuingia bungeni. Mtu mrefu, sauti yake ya chini, lakini akianza kusema hakuna aliyekohoa. Alipoanza kuuliza mashamba ya umma ya Trans Nzoia yamegawiwa akina nani, gari lake lilipigwa risasi njiani. Hakuumia. Baadaye kidogo akashtakiwa uchochezi, na kabla kesi haijasikizwa akavuka mpaka kuingia Uganda, kisha tukasikia yuko Ulaya. Nabwile, binti wa pekee wa Absalom na Edah, alikuwa darasa la pili wakati huo. Sichangi aliporudi nchini, Nabwile alikuwa amemaliza kidato cha nne.

Katika miaka hiyo yote chama kingekufa kama si watu wa aina ya Absalom, mwenyekiti wa tawi la Kitale. Kila mwaka, siku aliyoondoka Sichangi, Absalom aliwakusanya wanachama wakatembea mjini Kitale wakidai arudishwe. Mmoja aliita, "Mzinga!" na umati ukajibu, "Asali ni yetu!" Mwanzoni walikuwa wachache hata wauza mitumba wakawaonea huruma. Miaka ikapita, wakawa wengi.

Walipokuwa wengi ndipo walipovamiwa. Vijana walishuka kwenye lori na marungu na vyuma, polisi wakiwa wamesimama ng'ambo ya barabara. Lori lile kila mtu alilijua. Siku za kawaida lilibeba mahindi ya Mheshimiwa Makokha, mbunge wa upande wa serikali. Absalom alipigwa chuma kichwani mbele ya duka la mbolea, akiwa ameinama kumwinua mama mmoja aliyeanguka. Jioni hiyo Makokha aliulizwa redioni kuhusu fujo za Kitale. Akacheka, akasema, "Nyuki wakisumbua watu, si mzinga unachomwa? Hiyo ni habari ya kuniuliza mimi?"

Edah aliisikia redio hiyo akiwa hospitalini, kwenye simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

Absalom hakuamka. Edah alikaa kando ya kitanda, akampaka mafuta miguuni, akamwambia mambo ya nyumbani. Jirani yake pale verandani, Nasro, mwenye hoteli ndogo ya chai na mahamri, alimletea chakula asubuhi na jioni na akamlazimisha kula. Jumapili moja, wanakwaya wa kanisa fulani wakiwa wanaimbia wagonjwa, Edah aliushika mkono wa mumewe akaona umebadilika. Hakupiga kelele. Aliwaacha wanakwaya wamalize wimbo wao.

Absalom alizikwa Chwele, Bungoma, katika boma la mama yake, Phelista. Edah aliandikisha maelezo kwa polisi, akarudi kuuliza, akarudi tena, hadi askari wa pale mbele wakawa wakimwona akiingia wanainamia simu zao. Hakuna aliyeshtakiwa.

Tawi la Kitale lilipokutana kuchagua mwenyekiti mpya, watu walitazama chini. Nani angetaka kiti ambacho mwenyewe ameuawa juu yake? Edah alikuwa amekuja kuchukua vikombe vyake tu. Akasimama karibu na mlango, vikombe viko kwenye beseni, akasema, "Mtu akienda na kazi haijaisha, si kazi inabaki? Nipatieni mimi. Nitaishikilia mpaka Sichangi arudi."

Hivyo ndivyo fundi wa nguo alivyokuwa mwenyekiti. Kinu cha barabara ya Endebess alikifunga kwa sababu hakuweza kuusikia mlio wake bila kugeuka kumtafuta mtu. Akazunguka na katibu wa chama, Jelimo, mwalimu kutoka Kachibora, wakaingia masoko ya Cherangany na mashamba ya Endebess mpaka kule ambako barabara inaisha na mlima unaanza. Alishona vitambaa vya manjano vya kichwa hadi vidole vikafanya sugu. Alijifunza kusema mbele ya watu, na alisema vizuri, kwa kuwa hakusema kama mwanasiasa. Aliwaambia wanawake bei ya gunia la mahindi na bei ya mbolea, akanyamaza, akawaacha wafikirie wenyewe. Mwishoni aliwaambia jina la mumewe. Hakuna mkutano aliofanya bila kulitaja.

Uchaguzi ukaja, Mzinga kikashindwa. Makokha naye, aliyekuwa amekosana na serikali kwa mambo yao wenyewe, alikuwa ameunda chama chake na kugombea ugavana. Kura za upinzani zikapasuka katikati, mtu wa serikali akapita hapo kwenye ufa.

Halafu mashtaka ya Sichangi yakafutwa, na Sichangi akarudi.

Watu wa Kitale bado wanaisimulia siku ile. Msafara ulitoka Eldoret ukitambaa, watu wakiwa juu ya miti na juu ya magari. Edah aliimba hadi sauti ikamkauka akabaki akipunga mikono tu. Nasro, ambaye hajawahi kuwa wa chama chochote, alifunga hoteli akaja na kitambaa cha manjano juu ya hijabu yake. "Wacha leo nikusindikize, Mama Nabwile," alisema. "Umengoja sana."

Kesho yake Sichangi alikwenda Bungoma. Kwanza alikwenda kwenye kaburi la mama yake mwenyewe, aliyefariki yeye Sichangi akiwa ng'ambo, na kutoka hapo akaja Chwele kwenye kaburi la Absalom. Alivua viatu. Alipiga magoti juu ya udongo mbichi wa mvua, suruali yake nzuri ikaloa, akalia kama mtu ambaye hajui anatazamwa. Mzee Phelista, mama yake Absalom, alimshika kichwa akamwombea kwa Kibukusu. Sichangi alipoinuka alisema mbele ya watu wote, "Huyu ndugu alikufa akiita jina langu. Damu yake haitafanyiwa biashara. Mungu anasikia."

Edah alirudi Kitale akiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alinunua kitambaa cha kujishonea nguo yake mwenyewe.

Miezi ikapita. Uchaguzi mwingine ukaanza kunukia, na wajumbe wa Trans Nzoia na Bungoma wakaitwa mkutano wa ndani, mjini Bungoma, kwenye ukumbi wa kanisa. Sichangi alisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, kama zamani alipokuwa mwalimu. Alisema wanaotaka serikali iondoke ni wengi kuliko wanaoitaka, lakini kila mara wanaingia debeni wakiwa wamegawanyika. Alichora duara mbili akazifuta akachora moja kubwa. Mkakati, alisema, ni mmoja tu: pasipatikane mahali popote ambapo wapinzani wawili wanagombania kiti kimoja. Bungoma, Mzinga ndicho kitasimamisha mgombea wa ugavana, na wenzetu watatuachia. Trans Nzoia, sisi ndio tutawaachia wenzetu.

"Wenzetu ni nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Makokha na watu wake."

Kichwa kimoja kimoja kikageuka kumtazama Edah. Yeye akasimama polepole, mkoba wake ameukumbatia.

"Mheshimiwa," alisema, "ni Makokha yupi?"

"Unamjua, mama."

"Nataka nisikie wewe ukisema."

Sichangi aliiweka chaki chini. "Ni huyo huyo, Mama Nabwile. Hakuna mwingine."

Edah akaketi. Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Wapo waliopiga meza. Mjumbe mmoja wa Kimilili alisema afadhali washindwe miaka ishirini kuliko kula sahani moja na muuaji. Ndipo Jelimo akasimama, na kila mtu akamsikiza, kwa sababu Jelimo na Edah walikuwa kama dada.

"Mimi natoka Kachibora," alisema. "Watu yetu wanauza mahindi kwa bei ya kulia. Wananiuliza, mwalimu, hii Mzinga itashinda lini? Ama nyinyi ni wa kuimba tu? Tukishindwa tena hawatapiga kura, nawaambia ukweli. Absalom alikuwa rafiki yangu. Lakini tukishindwa tena, si yeye pia atakuwa amekufa bure?" Hapo akafunika uso.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Mkono wa Jelimo uliinuka. Wa Edah ulibaki juu ya mkoba. Mkakati ukapita.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine Edah angevumilia. Angekaa kando msimu huo, watu wangemwelewa. Lakini kulikuwa na sehemu nyingine ambayo haikusemwa ukumbini. Wapanga mikakati wa Nairobi walikuwa wamewauliza watu, wakaona kwamba wafuasi wa Mzinga Kitale hawatampigia Makokha. Wangebaki nyumbani. Kitu kimoja tu kingeweza kuwatoa, nacho ni mjane wa Absalom apande jukwaani, ampe Makokha mkono, aseme amesamehe.

Sichangi alikuja mwenyewe kumwomba. Sifa hiyo apewe, hakutuma mtu. Alikuja bila msafara, asubuhi ya mvua, akaingia kwa Nasro, na Nasro akawapa ile meza ya ndani nyuma ya pazia. Chai ililetwa. Sichangi akakishika kikombe kwa mikono miwili kama mtu mwenye baridi.

"Umesikia ninachokuja kuomba?"

"Nimesikia," Edah akasema. "Nilikuwa nangoja nione kama utakuja."

"Mama Nabwile, sikuja kukudanganya. Nimekaa kule ng'ambo miaka yote hiyo nikifikiria nitashinda kwa sababu niko na haki. Haki peke yake haihesabiwi usiku wa kura. Mtu ambaye alitufanyia mabaya sasa anachukiwa na wale waliomtuma. Nikimwacha, watamrudisha kwao. Nikimchukua, tunashinda."

"Na yeye atasema nini hapo jukwaani?"

"Atasema pole kwa familia. Atasema yaliyopita si ndwele."

"Atasema alikosa?"

Sichangi akakiweka kikombe mezani.

"Mheshimiwa, mimi sio mtu mgumu. Nimeenda kanisa tangu utoto, najua kusamehe ni nini. Sitaki afungwe. Sitaki chochote chake. Aseme tu, Absalom, vijana wangu walikuua, na mimi ndio niliwatuma. Aseme na hilo jina. Akisema hivyo nitampa mkono mbele ya Kitale yote. Hata nitampikia."

"Mawakili wake hawatakubali. Akisema hivyo, upande ule watamshtaki kesho yake, na tumempoteza."

"Basi nimsamehe kwa nini? Yeye anasema hakufanya kitu."

Mvua ilipiga mabati. Sichangi alitazama chai yake. Alikuwa amezeeka, Edah aliliona hilo siku hiyo kuliko siku zote. Ngozi ya shingo ilikuwa imelegea, na shati la manjano lilimpwaya.

"Mimi sikumzika mama yangu," alisema. "Niliona jeneza lake kwenye simu. Usifikirie sijui kitu ambacho nakuomba."

"Najua unajua," Edah akasema. "Ndio maana inaniuma."

Alipoondoka, Sichangi alimshika mkono kwa muda mrefu. Nasro aliingia kutoa vikombe akakuta cha Edah hakijaguswa. "Umemwambia nini?" akauliza. "Nimemwambia hapana," Edah akasema, kisha akalia, kwa kuwa alimpenda yule mzee na hakuwahi kumwambia hapana hata siku moja.

Chama hakikungoja. Absalom alikuwa na ndugu mdogo, Mukhwana, aliyekaa Chwele na kuuza miche ya kahawa. Alikuja Kitale kabla ya mkutano, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Shemeji, nimekuja nikuambie mimi mwenyewe, usisikie kwa watu. Wameniita nisimame kwa niaba ya familia."

"Na umekubali."

"Nimekubali. Na wamesema nitasimama uwakilishi wa wadi kule nyumbani, kwa tikiti ya Mzinga. Sikufichi."

Edah aliendelea kushona. Aliumaliza mshono hadi mwisho ndipo akainua macho. "Mukhwana, ulikuwa unalala kitanda kimoja na yeye mkiwa watoto. Mama anasema mlikuwa mnagombania blanketi."

"Sasa nifanye nini, shemeji? Yeye hatarudi. Hakuna! Tukikaa hivi tukilia, nani anatuona? Barabara ya Chwele ikinyesha hata mgonjwa hatoki. Wacha mtu mmoja wa hii familia aingie mahali."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomfanya Edah akose la kumtukana. Alimwagizia chai kwa Nasro. Wakanywa kimya, kama watu waliotoka kuzika.

Siku ya mkutano mji wote ulisikika. Nasro alimshauri afunge duka aende zake Endebess kwa rafiki, asikae kusikiliza vipaza sauti. Edah alikubali, akafunga, akatoka. Lakini miguu ikampeleka uwanjani. Alisimama nyuma kabisa, karibu na wauza miwa, hana kitambaa cha manjano, amejifunga leso ya kawaida kichwani.

Alimwona Makokha kwa mbali, mtu mnene mwenye kofia. Makokha alisema yale yale yaliyotarajiwa: pole kwa familia zote zilizoumia katika siasa za zamani, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. "Familia zote," alisema. Jina hakutaja. Halafu Mukhwana akaitwa. Alivaa shati la manjano ambalo Edah alilitambua mara moja; ni yeye aliyempa, siku za matanga, wakigawa nguo za marehemu. Mukhwana akasema familia ya Absalom imesamehe. Makokha akamkumbatia. Sichangi, aliyekuwa katikati yao, akaishika mikono ya wote wawili na kuiinua juu, na uwanja ukapasuka kwa vigelegele.

"Mzinga!" akaita Sichangi.

"Asali ni yetu!" uwanja ukajibu.

Na Edah alisikia sauti yake mwenyewe ndani ya zile nyingine. Kinywa chake kilikuwa kimejibu bila kumwuliza. Alijifunika mdomo kwa kiganja. Muuza miwa mmoja akamwuliza, "Mama, uko sawa?" Alitikisa kichwa tu, akaondoka akipenya katikati ya watu wanaocheza.

Aliteremka Chwele kumwona mama mkwe. Alimkuta Mzee Phelista ameketi kwenye mlango wa jikoni, redio imezimwa. Habari ilikuwa imefika kabla yake.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa."

Walikaa. Kuku walipita. Baada ya muda yule mzee akasema, "Mmoja waliniulia. Sasa na huyu mwingine wamenichukua. Nimebaki na wewe, na wewe si wangu wa kuzaa."

"Mama, Mukhwana si mtu mbaya."

"Nani amesema ni mbaya? Ni mtoto wangu. Nitampikia akikuja. Lakini ile shati asikuje nayo hapa."

Usiku walilala kitanda kimoja, mkwe na mkaza mwana.

Edah aliuacha uenyekiti. Alimpelekea Jelimo bendera na muhuri wa tawi kwenye mfuko wa nailoni. Jelimo alitaka kusema kitu, Edah akamwambia, "Usijali, mwalimu. Ulisema ukweli wako." Waliendelea kusalimiana wakikutana, lakini zile safari za pamoja zilikuwa zimekwisha, na kila mmoja alimkumbuka mwenzake bila kuwa na njia ya kurudi.

Nabwile, aliyekuwa chuo cha ualimu, alimwuliza mama yake kama atapiga kura. "Nitapiga," Edah akasema. "Baba yako hakufa ndio nikae nyumbani." Siku ya uchaguzi alipanga foleni tangu alfajiri kwenye shule ya msingi. Wakampa karatasi zake. Kwenye ile ya urais aliweka alama kwa Sichangi, na mkono haukusita. Kwa mbunge, kwa seneta, kwa wengine, aliweka. Ile ya gavana aliitazama. Picha ya Makokha ilikuwa ya tatu, anatabasamu. Aliikunja karatasi ikiwa safi jinsi alivyopewa, akaitumbukiza kwenye debe lake, akanyoosha kidole kipakwe wino.

Mkakati ulifaulu. Hilo lazima lisemwe, maana wapo waliodhani Mungu atauvunja kwa ajili ya Absalom. Makokha alishinda Trans Nzoia, na Bungoma Mzinga kikapata ugavana. Mukhwana naye akachaguliwa kwenye wadi yake. Sichangi akawa rais kwa kura chache, kura ambazo, ukizitazama kwa haki, zilitoka hapo hapo, kwa watu waliotolewa nyumbani na kumbatio la uwanja wa Kitale. Bei ya mbolea ilishuka msimu uliofuata. Wanawake wa Endebess waliokuja kushonesha sare za watoto walimwambia Edah, na aliwaambia ni habari njema, na alimaanisha.

Sichangi alimpigia simu baada ya kuapishwa. "Hongera, mheshimiwa," Edah alimwambia. "Umefika." Rais akamwuliza kama kuna kitu anachokihitaji. Edah akasema hana shida, Mungu amsaidie na kazi. Simu haikurudi tena, wala yeye hakuingoja.

Mukhwana alimletea mama yake maji ya mfereji. Alikuja siku ya kuyafungua amevaa suti, na mzee akampikia kuku kama alivyosema. Edah alikuwepo. Walikula vizuri, wakacheka hata kidogo. Mukhwana alipokwenda kusimama kaburini kwa kaka yake, hakuna aliyemfuata, na alirudi upesi.

Halafu, katika mwaka wa pili wa serikali hiyo, Gavana Makokha alikuja mjini kukagua barabara inayotiwa lami karibu na msikiti. Magari yalisimama, walinzi wakashuka, na yeye akaamua kutembea kusalimia wafanyabiashara kwenye veranda. Alimsalimia Nasro, ambaye alijibu na kurudi ndani haraka. Akaja kwenye cherehani. Edah alikuwa ameinama akitunga uzi kwenye sindano, na alipoinua kichwa mkono ulikuwa tayari mbele yake.

"Mama, habari ya kazi?"

Ulikuwa mkono mpana, wenye joto. Kabla hajafikiri alikuwa ameushika.

"Nzuri," alisema.

"Biashara inaendelea?"

Edah alimtazama usoni. Alimtazama vizuri, akitafuta. Hapakuwa na kitu. Yule mtu hakumjua. Hakuwahi kuonyeshwa hata picha yake. Kwake alikuwa fundi mmoja wa nguo katika mji wenye mafundi wengi, mama mmoja mwenye kura.

"Mimi ni mke wa Absalom," Edah akasema.

"Vizuri sana," Gavana akasema kwa uchangamfu, akimpigapiga begani. "Msalimie mzee." Na akasonga mbele kwenye duka la viatu.

Nasro alitoka alipoona msafara umepita. Alimkuta Edah ameketi, viganja vyake ameviweka juu ya kitambaa alichokuwa akishona. Alivuta benchi la wateja, akaketi karibu naye hadi mabega yakagusana. Sare za shule zilikuwa zimerundikana, na wenyewe walikuja kuziulizia mchana huo, mmoja baada ya mwingine. Nasro ndiye aliyewajibu kwamba mama hajisikii vizuri, warudi kesho.